Goti la Mzee Maganga na baiskeli ya umeme

Hongereni, vijana. Nimesikia mmegundua kwamba mtu anaweza kwenda kazini kwa baiskeli. Mjukuu wangu Kabula alikuja kunisalimia wiki iliyopita akitokea Mwanza, akaishusha ya kwake ya umeme kutoka juu ya basi, na kabla sijamaliza kuitikia shikamoo yake akaanza kunihubiria. Haili mafuta. Haipigi kelele. Unaichaji kama simu, asubuhi unapita kando ya foleni ya magari, na unafika ofisini bila tone la jasho. Hilo la jasho alilirudia mara tatu, nikajua ndilo lililomfanya ainunue.

Nikamwambia, mjukuu wangu, sisi tulikuwa tunafika tumelowa mpaka soksi, na soksi zenyewe hatukuwa nazo.

Mimi nimebeba abiria kwa baiskeli hapa Shinyanga mpaka nikastaafu, na miaka ya tisini yote ilinikuta juu ya pedali. Kabla pikipiki hazijajaa, mji huu ulikuwa unatembea kwa miguu yetu. Tulibeba walimu, wagonjwa, magunia ya mchele, kuku, vitanda, na siku moja nilibeba bibi harusi aliyekuwa amechelewa na hasira zake zote. Kwa hiyo mnaponiambia kwamba baiskeli ndiyo usafiri wa mjini wa kesho, mnisamehe nikicheka. Hiyo kesho yenu mimi nimeshaistaafu.

Lakini nina kisa kimoja cha baiskeli ya umeme, cha zamani kabla wengi wenu hamjazaliwa, na si kizuri upande wangu. Nitakifikia. Mzee haharakishwi, na hata ukimharakisha, goti halikubali.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Maganga, Msumbwa wa kule Masumbwe. Mfupi, mkimya, vigimbi vimejaa. Wasumbwa na sisi Wasukuma tunataniana, kwa hiyo siku ya kwanza nilimuuliza kama kwao baiskeli zimeshafika. Alinipa spana, akageuza baiskeli yake miguu juu, akaniambia nigonge spoki moja moja nisikilize. Iliyokaza inalia kwa sauti kali, iliyolegea inaguna. Nikagonga mpaka jua likawa utosini. Ndipo akasema, "Kwetu zimefika. Na wanajua kuzisikiliza."

Nyie mnasema baiskeli ikiharibika mnaangalia kwenye simu. Sawa. Simu ina sikio zuri sana, bila shaka.

Abiria wangu wa kwanza alikuwa mwalimu, mama mmoja mpole aliyekuwa anaenda mtaa wa Kambarage. Mzee Maganga alikuwa amenifundisha: abiria akae kwanza, wewe usimame umeipanua miguu, ukiona ametulia ndipo unasukuma pedali taratibu, kama mtu anayesogeza mtungi wa maji. Nikasema ndiyo, ndiyo. Kisha nikakanyaga kwa nguvu zangu zote ili mwalimu ajue amepata kijana. Nilifika mpaka njia panda nikimsimulia habari za mvua, na nikamsifu kwa jinsi anavyojua kusikiliza. Alikuwa amebaki pale sokoni, amekaa chini na mkoba wake, na kijiwe kizima kinamsaidia kujipangusa vumbi.

Jambo jingine alilonifundisha linahusu kiti, na hili msikilize hata kama mna betri. Kiti kikiwa chini, goti halinyooki, na goti lisiponyooka linajilimbikizia hasira. Kiti kinatakiwa kiwe juu kiasi kwamba pedali ikiwa chini kabisa mguu unyooke karibu wote. Mzee Maganga alilijua hilo kuliko mtu yeyote mjini, na kiti chake kilikuwa chini kuliko cha mtu yeyote mjini. Nilipomuuliza akasema ukiwa na abiria mzito na ng'ombe wakakukatiza barabara, lazima miguu yote miwili ifike ardhini mara moja, la sivyo unaanguka naye. Akachagua kumlinda abiria. Goti likakaa kimya kwanza, kisha likaanza kusema, na nilipofikia kuwa fundi wa kazi, Mzee Maganga alikuwa hawezi kuinuka kwenye benchi bila kushika bega la mtu. Mara nyingi bega lilikuwa langu.

Miaka ile pesa ya dhahabu ilikuwa inatiririka kutoka Bugarama na kule Geita. Mchimbaji akipata kitu kwenye duara, yaani shimo lake, anakuja mjini kuonekana. Mmoja alinikodi siku nzima. Nikamuuliza tunaenda wapi, akasema tusiende popote, tuzunguke. Tukazunguka soko mara kumi na moja, yeye amevaa miwani ya jua na koti la baridi, kwenye joto la Shinyanga, anawapungia watu mkono. Alikuwa na begi ambalo hakutaka liguse chini, nalo lilikuwa zito kupita yeye. Mzunguko wa kumi na mbili rimu ya nyuma ikajikunja, tukalala wote kwenye vumbi mbele ya wauza nyanya. Begi likafunguka. Mawe. Mawe ya kawaida kabisa, aliyabeba ili watu wadhani. Mnaponunua baiskeli ya bei ya ng'ombe wawili ili muonekane mnajali hali ya hewa, namkumbuka sana yule bwana.

Sasa nifike kwenye mtihani, maana bila huo hamtaelewa nilichofanya.

Kijiwe chetu cha sokoni kilikuwa na foleni yake na sheria zake. Baiskeli yoyote mpya, au mtu yeyote mgeni, hakupata nafasi kwenye foleni mpaka apite mtihani wa Mama Holo. Mama Holo aliuza mchele sokoni. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili na wa moyo, na aliipenda ile heshima. Siku ya mtihani alivaa kitenge kipya. Unampakia yeye na debe mbili za mchele, unatoka sokoni, unavuka tuta la reli, unazunguka Kambarage, unavuka tuta tena, unarudi. Mguu wake ukigusa ardhi njiani, umeshindwa, na hurudii. Mtu wa kijiwe anafuata nyuma kushuhudia. Siku ya mtihani hupangwa na katibu, na ushuhuda ni wa katibu.

Katibu nilikuwa mimi. Nilikuwa na madaftari mawili na mhuri niliouchonga kwenye kandambili. Msicheke, serikali nyingine zimeanza hivyo hivyo.

Basi mwaka mmoja kati ya miaka ile, Bwana Karsan, Mhindu aliyekuwa na duka la spea ambako tulinunua mipira na solusheni ya kuzibia pancha, akaletewa na ndugu zake wa ng'ambo baiskeli moja ndani ya sanduku la mbao. Ilikuwa na mota kwenye gurudumu la nyuma, na betri chini ya kiti, nzito kama jiwe la kusagia. Tukajaa dukani. Mmoja akauliza inakula nini. Bwana Karsan akasema haili, inachomekwa ukutani. Tukacheka mpaka mteja aliyekuwa anachagua pampu akatoka.

Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Nikasema baiskeli ya kuchomekwa ukutani ni ya mtu asiye na miguu. Nikasema kesho watatuletea jembe la umeme, Wasukuma tukae kivulini tuliangalie likilima. Watu wakanipigia makofi, maana nilikuwa najua kusema.

Mzee Maganga hakucheka. Aliizunguka ile baiskeli polepole, akainama kwa shida, akagonga spoki zake kwa ukucha, akasikiliza. Kisha akamuuliza Bwana Karsan, "Hii, ukiwa unapanda tuta, goti linafanya nini?"

Bwana Karsan akafikiri. Akasema, "Goti linapumzika, Mzee."

Wakakubaliana. Bwana Karsan alitaka watu waione barabarani kabla hajaagiza nyingine, na Mzee alitaka kuendelea na kazi. Wakati huo alikuwa amefikia kubeba abiria wawili kwa siku, wembamba, wa safari za tambarare. Shamba la kwao alishawaachia wadogo zake. Mke wake alikuwa ametangulia mbele ya haki. Nafasi yake kwenye foleni yetu ndiyo iliyokuwa imebaki kuwa yake, na bila baiskeli ile asingeishikilia hadi mvua za mwaka ule. Mimi nililijua hilo. Mimi ndiye niliyekuwa nampa bega.

Akaja kwangu asubuhi, rasmi kabisa, kama hatujuani. "Katibu, naomba siku ya mtihani."

Nikafungua daftari langu mbele yake. Hapa ndipo naomba mnisikilize, maana mengine yote niliyosema ni porojo. Kipindi kile kulikuwa na mgao wa umeme, na ratiba ilibandikwa mlangoni kwa Bwana Karsan, ambako baiskeli ile ilikuwa inachajiwa: siku moja mtaa wao una umeme, siku ya pili hauna. Nilikuwa nimeisoma jana yake nilipokwenda kununua solusheni. Alhamisi mtaa ule hauna umeme mchana kutwa, na Jumatano jioni unakatwa mapema. Na Jumatano yote Mzee angekuwa anaizungusha mjini ili watu waione, kama alivyoahidi.

Nikaandika Alhamisi, saa kumi jioni. Nikagonga mhuri.

Mnaniuliza kwa nini. Niliogopa, ndiyo sababu. Miguu yangu ndiyo iliyokuwa mali yangu. Nilikuwa wa kwanza kijiweni kwa mbio na kwa uzito, na watu walinijua kwa hilo. Nikaona mzee mwenye goti bovu akinipita kwenye tuta bila kuhema, na nyuma yake vibibi na walevi wote wa Shinyanga wakinipita pia. Nikasema moyoni kwamba naitetea kazi. Mtu anayefanya ubaya hakosi jina zuri la kuupa.

Alhamisi ikafika. Soko lilisimama. Mama Holo alikuja na kitenge cha njano, akakaa kwenye keria na debe zake, akaniambia, "Katibu, leo nabebwa na stima. Usije ukachoka huko nyuma, bhabha."

Wakaondoka. Hakukuwa na sauti, ila mvumo mdogo tu wa nyuki. Mzee amekaa wima na kiti chake kiko juu, mara ya kwanza namuona kakipandisha. Nikafuata nikikanyaga kwa bidii. Walipanda tuta la reli kama linashuka. Nikafika juu nikiwa nahema, nao wako mbali upande wa pili, Mama Holo anampungia mkono kila anayemwona. Kule Kambarage watu walitoka nje ya nyumba zao. Nikafikiri nimekosea hesabu, nikaona mwisho wangu.

Tulipokuwa tunarudi, karibu na reli, ule mvumo ukashuka. Ukawa wa nyuki mmoja, kisha ukawa hakuna. Mzee Maganga akaanza kukanyaga. Sasa ana Mama Holo, ana debe mbili, ana betri iliyokufa na mota inayovuta nyuma. Akaingia kwenye tuta. Nilikuwa karibu naye kabisa. Niliona mguu wa kulia ukitetemeka, nikasikia anavyovuta pumzi kwa meno. Alifika nusu. Baiskeli ikasimama, ikataka kurudi nyuma, na miguu yake haikufika chini kwa sababu kiti kilikuwa juu.

Mama Holo akaruka akaishika. Miguu yake yote miwili chini.

Hakuna aliyeanguka. Kisha Mama Holo akanigeukia, akasema kwa sauti ya kila siku, "Nimeshuka mwenyewe, Katibu. Mguu ulikufa ganzi. Andika hivyo."

Akanitazama. Tulikuwa watatu tu juu ya tuta lile, na ushuhuda ulikuwa wangu. Ningeweza kuandika hivyo. Mpaka leo ningeweza kuwa nimeandika hivyo.

Nikasema, "Mama, sheria ni sheria."

Neno zuri sana hilo. Linamfaa hasa mtu mwenye kitu cha kuficha.

Mzee Maganga hakubishana. Alisema, "Katibu amesema kweli, miguu imegusa," akaikokota ile baiskeli hadi kwa Bwana Karsan, akamrudishia na kumshukuru. Bwana Karsan akairudisha ndani ya sanduku lake, na hakuagiza nyingine. Goti la Mzee lilivimba kesho yake likakataa kukunjwa. Tulimchangia, tukamsindikiza kwenye basi la kurudi kwao Masumbwe, nikambebea begi, na watu wakanisifu kwamba sijamsahau mwalimu wangu. Mama Holo hakunisifu. Mama Holo aliacha kupanda baiskeli yangu, na mtihani wake akaufuta. Mwingine alipokuja kuomba kupimwa, Mama alimwambia yeye amezeeka.

Mwaka uliofuata yeye ndiye aliyenituma. Alinikabidhi mfuko wa mchele, akasema upelekwe Masumbwe na niupeleke mwenyewe. Nikaomba lifti kwenye lori, nikafika. Nilimkuta Mzee Maganga amekaa mlangoni kwake anasokota kamba ya katani, mguu mmoja ameunyoosha mbele.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kijiwe hakijambo?"

Nikasema hakijambo. Nikampa mchele. Akasema wabeja, yaani asante kwa Kisukuma, kunitania, kama wakati ule wa spoki. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu Kahama, nikayafungua kinywani yakagoma. Yeye ndiye aliyeanza.

"Ile ratiba ya mgao," akasema, macho yapo kwenye kamba. "Nami niliisoma."

Nikauliza, "Sasa mbona hukuomba siku nyingine, Mzee?"

"Nilidhani utaniambia wewe."

Hakusema kwa ukali. Aliendelea kusokota. Nililia pale mlangoni, mtu mzima mwenye madaftari na mhuri, na yeye akaniacha nilie mpaka nikamaliza, kama alivyoniacha nigonge spoki mpaka jua likafika utosini. Nikamwomba msamaha. Akasema amesamehe. Kisha akasema jambo jingine, na nadhani alilisema ili kunifariji, lakini ndilo lililonikaa.

"Unajua, kule kwenye tuta mara ya kwanza, wakati wa kwenda, goti lilinyamaza. Lilikuwa halijawahi kunyamaza kwa miaka sita. Nikawa nalisikiliza, nangoja liseme. Halikusema. Mpaka Kambarage."

Alifariki kabla ya miaka ya tisini kwisha. Mhuri niliutupa chooni siku niliporudi kutoka Masumbwe, na ukatibu wakampa mwingine, ambaye naye alijichongea mhuri mkubwa zaidi.

Sasa mimi ndiye mwenye goti. La kulia, kama lake. Nilikiweka kiti changu chini miaka yote ile kwa ajili ya ng'ombe wale wale, na linaongea kuanzia alfajiri. Kabula amekaa nami wiki nzima, kila siku ananiambia, "Babu, panda hii yangu uone," na kila siku nilikuwa na jibu. Nilimwambia nitapanda ikianza kunywa togwa. Nilimwambia mtu wa kijiwe hachomekwi ukutani. Alicheka, maana bado najua kusema.

Juzi nikakubali. Nikapandisha kiti, nikakaa, nikaingia barabarani polepole na yeye ananifuata kwa miguu. Nikafika relini. Siku hizi lami imepita na tuta si kali kama zamani, lakini ni lile lile. Nikakanyaga kidogo, ikanipandisha. Nilikuwa nangoja goti liseme. Nikangoja. Nilipofika juu kabisa nilishika breki nikasimama, kwa sababu nilikuwa sioni mbele kwa machozi.

Kabula akaja mbio akidhani nimeumia. Akaikagua, akanitazama usoni, akauliza taratibu, "Babu, imezima?"

Nikamwambia haijazima. Nilikuwa nimeichaji mwenyewe tangu asubuhi, nikakaa kando yake kwenye kigoda mpaka taa ya chaja ikawa ya kijani.